Mtembezi Hula Miguu Yake



Wazee wetu wa pwani wametuachia methali isemayo kuwa mtembezi hula miguu yake. Aghlabu twaitumia kumwonya mtu asiyetulia, azungukaye huku na huko pasina faida, na mwisho wake asipate ila uchovu. Nami nimeitumia hivyo miaka mingi darasani hapa Kongowe. Lakini leo napenda kukuonyesha kuwa maneno hayo yana ukweli mwingine ndani yake, nao ni ukweli wa mwili wenyewe. Mtu atembeapo, akimbiapo au abebapo mzigo, misuli ya miguu yake hula chakula kilichowekwa akiba ndani ya miguu hiyo hiyo. Wanadamu hawakulijua jambo hili kwa hakika ila baada ya utafiti wa zaidi ya miaka mia moja. Na habari zake zinagusa njia ya Bagamoyo, Kariakoo ya Dar es Salaam, na hata Kibaha yetu hii.

Kabla sijaingia katika habari yenyewe, nina deni ambalo hapana budi nilitaje.

Mwaka 1984 nilikuwa kijana, mwalimu mpya wa chuo. Ulikuwa wakati wa dhiki, sukari adimu, nauli ya shida, magari yenyewe ya kubahatisha. Tuliondoka Kongowe alfajiri na wanafunzi, tukenda kwa miguu kwenye maulidi upande wa Mlandizi. Tulipopita Visiga mtoto mmoja, umri wake yapata miaka kumi na miwili, akaketi kando ya barabara. Jasho jembamba lilikuwa likimtoka na mikono ikimtetemeka. Nikamwambia ainuke, asiinuke. Basi nikamwita mvivu mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba yaonyesha anaona uzito kwenda kumsalia Mtume (S.A.W.). Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na mihogo ya kuchemsha chini ya mwembe akasogea. Hakunisemesha neno. Alimpa mtoto yule kikombe cha chai iliyotiwa sukari sawasawa, juu ya uadimu wake siku zile, na kipande cha muhogo. Haikupita nusu saa mtoto akasimama, akatutangulia sote. Hapo ndipo mwenzake aliponinong'oneza, "Maalim, kwao jana hawakupika."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilikuwa nimekwisha kula muhogo wangu na chai kabla ya kutoka, nami nikamhukumu aliyekuwa hana kitu tumboni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza kila nimwonaye kuwa anajua: ni kitu gani kilichokuwa kimekwisha ndani ya mwili wa mtoto yule, hata kikombe kimoja cha chai kikamrudishia? Haya nitakayokueleza ndiyo niliyoyapata.

Akiba iliyofichwa katika ini

Katika karne ya 19, wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiamini kuwa sukari hutengenezwa na mimea peke yake, na kwamba mnyama na binadamu kazi yao ni kuila na kuiteketeza. Bingwa mmoja wa Ufaransa, Claude Bernard, akalitilia shaka jambo hilo. Mwaka 1855 alichukua ini la mnyama aliyechinjwa, akapitisha maji ndani ya mishipa yake mpaka sukari yote ikatoka, ikawa akilipima halionyeshi hata chembe. Akaliacha. Siku ya pili akalipima tena, akakuta sukari! Sasa sukari hii imetoka wapi, na mnyama amekufa, wala hakula kitu? Akatambua kuwa ndani ya ini mna kitu kingine kisicho kitamu, ambacho hugeuka kikawa sukari. Mwaka 1857 akafaulu kukitenga kitu hicho. Nacho ndicho kiitwacho glikojeni, yaani kizaacho sukari.

Basi, ndugu msomaji, kazi yenyewe ni kama hivi. Ugali, wali, muhogo, ndizi na tende vyote vina wanga au sukari. Vikifika tumboni humeng'enywa vikawa sukari nyepesi iitwayo glukosi, nayo huingia katika damu. Lakini damu haiwezi kubeba sukari nyingi. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya mna glukosi gramu 4 au 5 tu, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Iliyozidi huondolewa kwa msaada wa insulini, ikafungwa pamoja katika vifurushi vidogo mno vya glikojeni. Ini la mtu aliyeshiba huweka kama gramu 100. Misuli yote kwa jumla huweka kama gramu 400, na ya mtu aliyezoea mazoezi huweka zaidi.

Akiba hizi mbili hazifanani, na hapo pana mazingatio. Akiba ya ini ni kama baitulmali. Sukari ikipungua katika damu, ini hufungua mlango wake, likatoa glukosi iende popote inapohitajiwa, na kwanza kabisa iende kwenye ubongo, ambao hauwezi kukaa bila ya chakula hata kwa muda mfupi. Lakini msuli hauna kile kimeng'enya kiwezacho kuachia glukosi irudi katika damu. Uliyo nayo ni yake mwenyewe. Msuli wa mkono, hata ukiwa umejaa, hauwezi kuutumia sukari yake msuli wa paja uliokwisha. Ndiyo maana nikasema kuwa methali ile ni kweli tupu: mtembezi hula miguu yake, wala hali mikono yake.

Zaidi ya hayo mwili una akiba nyingine kubwa sana, nayo ni mafuta. Hata mtu mwembamba ana mafuta ya kumtosha siku nyingi. Ila mafuta ni kama gogo, huwaka polepole tena hutaka hewa nyingi. Wanga ni kama kifuu cha nazi kilichokauka, hushika moto mara moja. Mtu akitembea kwa utaratibu, hutumia mafuta kwa sehemu kubwa. Akiongeza mwendo, au akipanda mlima na mzigo, mwili hugeukia zaidi wanga. Na akikimbia kwa nguvu zote, misuli huvunja glikojeni upesi kuliko oksijeni inavyofika, ikatoka laktiki, na misuli ikajaa uchachu unaoizuia kufanya kazi. Wala laktiki hiyo haitupwi. Sehemu yake hurudi katika ini ikageuzwa glukosi upya. Mzunguko huu ulivumbuliwa na mtu na mkewe, Carl na Gerty Cori, na kwa kazi yao juu ya glikojeni walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Wapagazi na kibaba chao

Sasa turudi kwetu. Kaskazini ya hapa tulipo iko Bagamoyo, mlango wa misafara ya karne ya 19 iliyokwenda Tabora na Ujiji. Kabla ya reli na motokaa, pembe na vitambaa, shanga na nyaya za shaba, vyote vilikwenda kichwani na begani mwa watu. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, mabingwa wa kazi hiyo. Mzigo wa kawaida ulifika frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, mbali na mkeka wake mpagazi, sufuria yake na silaha yake. Toka Bagamoyo hadi Tabora ni yapata kilometa 800, na safari iliweza kuchukua miezi miwili au mitatu.

Watu hao hawakuwa na habari ya Claude Bernard, lakini walikuwa na hekima. Msafara uliondoka mapema kabla ya jua kuchomoza, kirangozi akiwa mbele na ngoma ikilia, ukapiga kambi kabla au karibu ya adhuhuri. Saa zilizobaki zilikuwa za kupika, kula na kulala. Kwa hivyo miguu iliyoliwa asubuhi ilipata kujazwa tena jioni na usiku. Leo tumejifunza kuwa misuli iliyotumika sana yahitaji kiasi cha siku nzima, na chakula cha wanga cha kutosha, ili akiba yake irudi kama ilivyokuwa, na kwamba hupokea kwa pupa zaidi katika saa mbili za kwanza baada ya kazi.

Lakini je, chakula kilitosha? Posho ya mpagazi ilijulikana kote, nayo ni kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba kimoja ni kama gramu 680. Tufanye hesabu, ndugu msomaji. Nafaka hiyo hutoa nguvu ya kalori kama 2,300. Na mwanamume atembeaye saa nne au tano chini ya mzigo wa kilo 30, kisha akakata kuni na kuteka maji ya kambi, atahitaji zaidi ya 3,000. Basi kila siku ilibaki pengo. Palipokuwa na vijiji vyenye chakula cha kununua, au nyama ya kuwinda, pengo lilizibwa. Palipokuwa na nyika tupu, au njaa, au vita, mpagazi alitoa pengo hilo katika mwili wake mwenyewe, akila kwanza glikojeni yake, kisha mafuta yake, kisha nyama yake.

Na katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa zama hizo mara nyingi utamkuta mpagazi aliyeketi chini akiitwa mvivu. Niliposoma habari hizo nilijiona mimi mwenyewe njiani Visiga.

Jambo hili lilizidi ubaya katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza na Wajerumani walipopigana katika nchi yetu tangu 1914 hata 1918, pande zote mbili zilikusanya wabeba mizigo kwa malaki, wengi wao kwa nguvu. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na kikosi chao cha wabeba mizigo kikapiga kambi mahali ambapo jina la Kiingereza la kikosi hicho, kwa kutamkwa kwa ulimi wetu, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo. Makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa maradhi, kwa kuhara damu, kwa posho ndogo, na kwa unga wa mahindi usioiva vizuri waliopewa watu ambao wengine walizoea ndizi au wali. Kila uendapo sokoni Kariakoo kununua viazi na mchele, kumbuka kuwa jina la mahali hapo ni la watu waliobeba vyakula vya wenzao na wao wakafa na njaa.

Baiskeli moja, watu wawili

Mpaka hapo ilijulikana kuwa akiba ipo, lakini hakuna aliyeweza kuchungulia ndani ya msuli wa mtu aliye hai wakati wa kazi. Wataalamu wa Marekani waliwapima damu wakimbiaji wa mbio ndefu za Boston mwaka 1924, wakaona kuwa baadhi yao walifika mwisho sukari ikiwa imeshuka sana katika damu. Walikuwa wamepauka, wamelegea, na wengine akili imewavurugika. Mwaka uliofuata wakawapa wakimbiaji peremende njiani, na hali yao ikawa njema. Hiyo ndiyo chai ya mama wa Visiga, ndugu msomaji, miaka sitini kabla yake!

Jibu kamili lilitoka Sweden. Katika miaka ya 1960 daktari Jonas Bergström alianza kutumia sindano maalumu ya kuchukua kipande kidogo mno cha msuli kwa mtu aliye macho. Yeye na mwenzake Eric Hultman wakajifanya wao wenyewe watu wa majaribio. Walikaa wawili katika baiskeli moja isiyokwenda, mmoja huku na mmoja huku, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka akachoka kabisa. Walipopima, mguu uliofanya kazi ulikuwa karibu mtupu, na mguu uliopumzika ulikuwa na akiba yake kamili. Kisha kwa siku tatu wakala vyakula vya wanga. Mguu uliopumzika haukubadilika sana, bali ule uliofanya kazi ulijaa, ukapita kiwango chake cha kwanza maradufu. Walitangaza habari hiyo mwaka 1966.

Mwaka 1967, pamoja na wenzao, wakaonyesha jambo jingine. Watu wale wale, kazi ile ile ya baiskeli, walipokula siku kadhaa nyama na mafuta bila wanga, walichoka kabla ya kutimia saa moja. Kwa chakula mchanganyiko walifika karibu saa mbili. Kwa chakula kingi cha wanga walifika karibu saa mbili na dakika arobaini na tano. Mtu ni yule yule, nia ni ile ile, kilichobadilika ni sahani.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo Waswidi wengine, pamoja na watu wa Denmark, Norway na Finland, walikuwa hapa Kibaha wakijenga shule, kituo cha afya na mashamba ya mafunzo. Kituo hicho kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970, ndicho tukiitacho Shirika la Elimu Kibaha.

Wakimbiaji wetu

Mwaka 1968, mjini Mexico, kijana wetu John Stephen Akhwari alikimbia marathoni ya Olimpiki mahali palipo zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari. Alianguka njiani akaumia goti vibaya. Mamo Wolde wa Uhabeshi alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, goti limefungwa kitambaa, wa mwisho katika 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma kuanza tu, ilimtuma amalize. Kwa mwendo ule wa kuchechemea hapana shaka wanga ulikuwa umepungua sana, na aliyobaki nayo ni mafuta na nia.

Filbert Bayi, ambaye baadaye alifungua shule hapa Kibaha, alivunja rekodi ya dunia ya meta 1,500 tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza toka mwanzo hadi mwisho. Huyo hakuwa na hofu ya akiba kwisha katika dakika tatu na nusu. Yeye alipambana na uchachu wa misuli. Lakini katika marathoni yenye kilometa 42 hesabu ni nyingine. Mtu wa kilo 60 hutumia kalori kama 2,500 kwa safari yote, na akiba yake yote ya wanga ni kama 2,000. Ndiyo maana wengi huvunjika baada ya kilometa 30. Mwaka 1988 huko Boston, Ibrahim Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa wa Tanzania walifika mwisho wakiachana kwa sekunde moja tu: saa 2, dakika 8 na sekunde 43 kwa 44. Mwaka wa pili wake Ikangaa akashinda New York. Watu hao walizoeza miili yao kutumia mafuta zaidi na kuuwekea wanga hesabu, mfano wa mwenye nyumba mwema na posho ya mwezi.

Saumu, tende na kisukari

Huenda utauliza: na sisi tufungao? Mtu alalapo usiku, akiba ya ini hupungua, kwani ubongo haulali njaa. Ya misuli hubaki maadamu hafanyi kazi nzito. Kwa hiyo mfungaji aonapo kizunguzungu alasiri, aghlabu miguu ingali na akiba yake, bali ini ndilo linalokaribia ukomo. Tumefundishwa kuchelewesha daku, kuharakisha kufuturu, na kuanza kwa tende. Nayo tende iliyokauka sehemu yake kubwa ni sukari nyepesi isiyochelewa kuingia katika damu. Mimi simo katika wale wasemao kuwa sunna imethibitishwa na maabara. Dini haisubiri maabara. Ila mtu akiona rehema ndani ya amri, na ashukuru.

Na upande wa pili nao usisahauliwe. Ghala la wanga ni dogo. Likijaa, kinachozidi hugeuzwa mafuta. Majumbani mwetu chai ni sukari, vitumbua ni sukari, na mchana kutwa twakaa barazani. Kisukari kimetuingilia. Basi jua kuwa msuli ufanyao kazi hufungua mlango wake, ukapokea glukosi hata insulini ikiwa kidogo. Mwendo wa miguu kwenda msikitini na kurudi hufanya nafasi ghalani. Lakini mwenye kutumia dawa za kisukari asianze saumu wala mazoezi mazito kabla ya kumwuliza daktari wake, na asitoke bila ya kitu kitamu mfukoni.

Neno la mwisho

Mtoto yule wa Visiga, wazazi wake walihama Kongowe kabla mwaka haujaisha. Sikupata kumwomba radhi mbele ya wale wale niliomtahayarisha mbele yao, na kila mwaka uliopita ulinizidishia uzito. Kama yu hai na maneno haya yakamfikia, basi haya ndiyo maombi yangu kwake, mbele ya wasomaji wote: nisamehe, mwanangu. Hukuwa mvivu. Ulikuwa umekwisha kula miguu yako, nami sikuwa na ilimu ya kuliona hilo, wala huruma ya kuuliza.

Jambo moja nililiweza. Tangu mwaka ule, kila mzazi mwenye uwezo huleta chuoni unga kidogo kila wiki, na asubuhi kabla ya somo tunapika uji. Hatuulizi nani amekula kwao na nani hakula, wote hunywa. Haba na haba hujaza kibaba. Nawe ndugu msomaji, ukimwona kuli amekaa juu ya gunia lake, au mtumishi wako wa nyumbani ameegemea ukuta, au mwanao amesinzia juu ya kitabu, usianze na jina baya. Anza na swali: umekula?

Wabillahi tawfiq.